Mama Javeli na Mashini ya Kukamulia

«Mutoto wangu hataonja maziwa ya ng'ombe, hataonja ya kopo, hataonja hata maji, mpaka afikishe miezi sita. Yangu tu! Na yatabakia ya kugawia bajirani!»

Joyeuse aliyasema hayo kanisani kwao, mtaa wa Katoyi, Jumapili ya shukrani, mtoto mgongoni na kipaza sauti mkononi. Kipaza sauti chenyewe alikipangusa kwanza kwa leso, maana aliyekitumia kabla yake alikuwa mzee wa kwaya ambaye hawezi kutamka «Haleluya» bila kunyesha. Waumini wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Katika safu ya pili aliketi mama mkwe wake, Mukamugema, aliyeteremka kutoka milima ya Masisi na bidoni, dumu zima la maziwa, kuja kumpongeza mzazi, kama inavyofanywa kwao. Alikuwa ameshainua mikono apige makofi kama wengine. Aliirudisha mapajani polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

Joyeuse ni jina la mtu wa furaha, lakini wazazi hutoa majina kabla uso wa mtoto haujakunjuka vizuri. Uso wa huyu ulikuwa wa mtu anayesikia harufu, siku zote, hata kwenye picha ya ndoa yake. Mtaani walimwita Mama Javeli, kwa sababu ya ile dawa ya kuulia vijidudu ambayo hakuikosa nyumbani hata siku ambayo chumvi ilikosekana. Alikwenda karamuni na kijiko chake ndani ya mkoba. Alikusalimu kwa mkono, kwa heshima zote, huku macho yake yakitafuta bomba. Mama yake aliuza sabuni sokoni Kiwanja, na Joyeuse alikua akiamini kwamba hakuna doa duniani lisilotoka kwa sabuni. Kama limekataa, basi halijalowekwa vya kutosha.

Mukamugema naye alitoka kwenye ukoo wa wafugaji, mahali ambapo chombo cha maziwa na sabuni havijawahi kutambulishwa. Kwao kibuyu cha maziwa husuuzwa kwa maji ya moto, kisha hufukizwa moshi wa majani yenye harufu nzuri mpaka ndani kiwe kama kanisa la Wakatoliki siku ya Pasaka. Sabuni, wanasema, inafukuza maziwa. Siku yake ya kwanza Katoyi alipewa chai ya maziwa katika kikombe cha Joyeuse. Akaonja, akakitazama kikombe, akamtazama mkwewe.

«Hii chai imefuliwa,» alisema.

Tangu hapo walioneana kinyaa kwa adabu, kama wakwe wanavyopaswa.

Likizo ya uzazi ikaisha. Joyeuse alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya binafsi, na kiti cha mwalimu asiyerudi hakikai wazi, kinakaliwa na mpwa wa mtu. Akaenda kumwomba direkta ruhusa ya kuja na mtoto. Direkta Munguakonkwa alikuwa mtu wa tai, hata kwenye vumbi la jiwe jeusi la volkano, na alizungumza kana kwamba kila sentensi itapigiwa muhuri.

«Madame Joyeuse, hapa ni masomo, haiko maternité. Nikikubalia mutoto moja leo, kesho beko kumi, na kesho kutwa miye mwenyewe niko na moja mu mugongo. Mutoto asipite ile mulango ya inje. Ni vile.»

Basi mambo yakawa hivi: ama maziwa ya Joyeuse yajifunze kubaki nyumbani wakati mwenyewe yuko kazini, ama Mukamugema afungue bidoni jipya lililotoka Masisi. Na Mukamugema alikuwa ameshalisogeza bidoni karibu na kitanda cha mtoto.

Mume, Rodrigue, alikuwa Kiwanja akinunua maharage, kama kawaida ya waume wenye akili nyumba inapokuwa na wanawake wawili. Alitoa msaada wake kwa simu. «Nunua kale kamashini ka kukamulia,» alisema, «kenye bamama ba ofisi banatumikishaka. Kako mu soko.» Kisha mtandao ukakatika, kwa bahati yake.

Ilikuwepo kweli, kwa muuza mitumba mmoja aitwaye Darius, katikati ya sidiria na kiatu kimoja cha kuteleza kwenye barafu. Ilikuwa na kikombe kama faneli cha kubandika kwenye ziwa, mkono wa kubonyeza, na chupa ya kupokelea chini.

«Hii ni ya asima, mama, ya bagonjwa ba pumu,» Darius alisema. «Unaweka hapa kwa kinywa, unavuta.»

«Watu wameiweka kinywani?»

«Bengi! Banaijaribu mbele ya kununua. Iko inavuta muzuri.»

Joyeuse aliibeba nyumbani kwa vidole viwili. Alipoifungua akakuta ndani ya shingo yake utando wa njano, mkavu, wenye ufa: maziwa ya mwanamke mwingine, wa Ulaya huko, ambaye mtoto wake pengine sasa anavuta sigara. Chini ya kimpira chake cha kufyonzea kulikuwa na mguu wa mende. Mguu tu. Mende mwenyewe yuko wapi, hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Aliichemsha mashini kama maharage, akailoweka kwenye javeli, akaichemsha tena, mpaka ikanuka kama korido ya hospitali baada ya ziara ya waziri.

Jaribio la kwanza lilifanyika sebuleni. Ile faneli ilikuwa baridi kama mkono wa polisi. Alibonyeza, chuchu ikavutwa kama sikio la mwanafunzi mtoro, ikarefuka, ikabadilika rangi, na ndani ya chupa hakikuingia kitu. Akabonyeza tena. Mukamugema alikuwa ameketi mbele yake, mtoto mapajani, akiangalia kama mtu aliyelipa kiingilio.

«Hata ng'ombe habamukamue vile,» alisema. «Ng'ombe banaiimbia.»

«Mama, miye siko ng'ombe.»

«Ndiyo. Ng'ombe iko na adabu.»

Kama sebuleni palikuwa pagumu, shuleni ndiko kulikokuwa na kichefuchefu chenyewe. Katika shule nzima, mlango wenye kitasa cha kufungia kwa ndani ulikuwa mmoja tu: choo cha walimu. Kitasa ni msumari uliopindwa. Sakafu ni mbao zinazocheka ukizikanyaga. Pembeni kuna ndoo ya karatasi zilizotumika, kurasa za madaftari, na baadhi yake Joyeuse alizitambua kwa alama nyekundu alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe. Nzi walikuwa wa kijani, wanene, wenye afya kuliko walimu. Mahali pa kuweka kitu hapakuwepo, na hata kama pangekuwepo asingeweka. Kwa hiyo alisimama, mkono mmoja umeshika faneli, mkono wa pili unabonyeza, kifuniko cha chupa ameking'ata kwa meno, pumzi ameizuia. Maziwa hayamteremkii mtu aliyezuia pumzi. Yeye alidhani ni mashini mbovu.

*Fyuu-pwa. Fyuu-pwa.* Sauti hiyo ilivuka mabati, ikafika uwanjani.

«Madame anapompa balo, anajaza mupira upepo!» wanafunzi wakapiga kelele kwa furaha. Tangu mwaka uanze shule haikuwa na mpira hata mmoja.

Bénita, mwalimu wa darasa la pili, ndiye aliyesimama mlangoni kama mlinzi. Alikuwa rafiki wa kweli, yaani alicheka mbele yako, si nyuma.

«Joyeuse, unakamua ao unasukuma?»

«Nyamaza! Nzi amekaa kwenye...»

«Kwenye nini?»

«Kwenye kila kitu!»

«Angalia foto ya mutoto mu telefone. Bananiambiaka ukiona mutoto maziwa inashuka.»

Joyeuse akachomoa simu kwa kidole kidogo, akaitegesha kwenye bega. Mwanawe Munezero akamtazama kutoka kwenye kioo cha simu, mashavu yake mawili, kofia yake ya sufu. Na kweli, kitu kikaachia ndani ya kifua, tone, matone, uzi mwembamba mweupe. Kisha nzi mmoja wa kijani akatua kwenye kioo, juu ya pua ya mtoto, akaanza kunawa mikono. Uzi ukakatika papo hapo.

Siku ile alirudi na maziwa yasiyojaza kizibo cha soda, na hayo nayo yalisafiri vibaya. Friji shuleni haikuwepo, kwa hiyo alinunua barafu kwa mama mmoja wa barabarani anayeuza samaki wa kugandishwa. Barafu ilifungwa kwenye sasheti mbili za nailoni, lakini ilikuwa imelala na samaki toka zamani na ilishachukua tabia zao. Mukamugema alifungua chupa, akanusa, akaifunga.

«Mutoto utamupatia hii na ugali?»

Munezero alipopewa alikunja uso, na wanawake wote wawili wakaona kwamba uso ule ni wa mama yake, nakala kamili. Lakini njaa haina pua. Akanywa.

Joyeuse hakuacha. Watu walidhani kinyaa ni udhaifu. Kwake kilikuwa injini. Alisugua mbao za choo kwa javeli kabla ya kengele ya asubuhi, akachoma ile ndoo ya karatasi, akatundika kitambaa dhidi ya nzi. Bénita akamwazima chupa ya chai inayotunza baridi. Akajifunza kupumua kwa mdomo, akajifunza pembe ya kushikia faneli isimng'ate, na mchana mmoja akarudi na nusu chupa. Nusu! Mukamugema aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akaangalia utando uliobaki kwenye kuta za chupa.

«Iko na mafuta,» alisema hatimaye.

Kwa mfugaji, hiyo ni medali. Joyeuse aligeuka aende jikoni ili asionekane anatabasamu, kwani uso wake haukuzoea na angeweza kuumia.

Na hapo ndipo mkosi ulipoingilia: kwenye heshima. Maana tangu siku ile Mukamugema hakukiona tena kile kitu kama takataka ya mitumba. Alikiona kama chombo cha maziwa, cha nyumba yake, cha mjukuu wake, na chombo cha maziwa kilikuwa kinaogeshwa kwa dawa ya choo. Roho ilimuuma. Jumamosi, Joyeuse akiwa uani anamwogesha mtoto, yule mama akafungua kitambaa alichokuja nacho kutoka kijijini, akatoa majani makavu, akayaweka kwenye makaa ya mbabula, lile jiko la mkaa, na moshi ulipokuwa mzito na mtamu akainamisha juu yake chupa, faneli na kile kimpira, kwa upole, kama alivyofundishwa na mama yake.

Kibuyu kinavumilia. Plastiki haina ukoo.

Harufu ndiyo iliyomfikia Joyeuse kwanza: mti mtamu, na chini yake kandambili inayoungua. Alikimbia na mtoto mwenye povu. Faneli ilikuwa imelegea upande mmoja kama sikio la mbwa mzee. Kimpira kilikuwa kimeshikana na shingo ya chupa, vimekuwa kitu kimoja, na chupa yenyewe ilikuwa ya rangi ya jino la mvuta tumbaku.

«Mama! Umefanya nini?»

«Nimeisafisha. Ilikuwa inanuka hospitali.»

«Umeichoma!»

«Bya kwetu habiungue. Bya kwenu njo binaungua.»

«Ni plastiki, Mama!»

«Basi sababu ya nini munaweka maziwa ya mutu mu kitu chenye hakiwezi kuvumilia moshi?»

Jirani yao Umutesi, aliyekuwa ameshafika kwenye ua wa mabati kabla ya moshi kutawanyika, akaingiza lake: «Heri yako, Joyeuse, hakusuuza na mukojo ya ng'ombe kama ba tate, bale bazee ba zamani!»

«Ng'ombe ingekuwa karibu, ningesuuza,» Mukamugema alisema bila aibu yoyote. «Ile njo inaua bidudu. Kuliko hii dawa yake.»

Joyeuse aliweka kiganja mdomoni akarudi nyuma hatua kadhaa. Chupa aliyoichemsha, aliyoilinda na nzi, aliyoing'ata kifuniko chake kwa meno! Aliitupa kwenye shimo la taka, kisha akanawa mikono mpaka viwiko.

Jumatatu akaenda kazini mikono mitupu. Kabla hajaondoka, Mukamugema alimwonyesha kwa kidevu kikombe kidogo na kijiko, vimefunikwa kwa kitambaa cheupe. «Akilia, nitamupatia ya ng'ombe,» alisema. Haikuwa vita, alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mtoto hajafikisha hata miezi minne.

Katikati ya somo la kugawanya, mtoto fulani alilia barabarani, mtoto wa watu, na maziwa yote mawili yakaitika. Blauzi ya samawati ikapata duara moja, kisha la pili.

«Madame, mvua imekunyeshea,» alisema msichana wa dawati la mbele, kwa huruma.

Kengele ilipolia, kifua kilikuwa kigumu kama jiwe la volkano na kinachoma vilevile. Chooni hakuwa na chupa. Kikombe kilichopatikana ni kile cha ofisi, cha walimu wote, chenye midomo ya watu kumi na wawili pembezoni na chai ya juzi chini. Alikitazama. Hapana. Basi akakamua kwa mikono, akilia huku ameuma leso, na maziwa yakaenda kule yalikoweza kwenda. Yaliingia shimoni meupe kabisa. Nzi wakayafuata, kundi zima, kwa shangwe. Alisikia mlio wao ukibadilika kule chini, na akatapika palepale, juu ya kazi yake yote ya javeli.

Alifika nyumbani akikimbia. Munezero alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, na Mukamugema alikuwa ameshapasha maziwa ya ng'ombe, kijiko mkononi, sekunde za mwisho. Joyeuse alimnyakua mtoto akamnyonyesha akiwa amesimama, viatu miguuni, jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya hata nyumba ikiungua.

«Kesho sitamungoja ule mutoto alie vile,» Mukamugema alisema. «Na ya kwako ya leo iko wapi?»

«Nimemwanga.»

«Umemwanga wapi?»

«Mu choo.»

Kijiko kikabaki hewani. Kwa akina Mukamugema, maziwa yakimwagika kwa bahati mbaya watu hunyamaza kidogo. Anayeyamwaga kwa kusudi huulizwa kama amelala vizuri. Chooni, hakuna hata methali iliyowahi kufika huko. Alikwenda mlangoni, akatema mate nje, akatema tena, akajifuta mdomo kwa pindo la kitenge.

«Maziwa ya mujukuu wangu,» alisema. «Mu mavi ya balimu.»

«Ningefanya nini, Mama? Chombo uliunguza.»

Wakatazamana. Midomo ya wote wawili ilikuwa imevutwa chini, pua zimekunjwa, macho madogo. Mtu angepita angeapa ni mama na binti wa kumzaa.

Mukamugema akaketi, maana maziwa hayanywewi mtu amesimama, akakinywa kile kikombe cha ng'ombe yeye mwenyewe mpaka mwisho.

«Kesho usikamue kitu,» alisema.

«Nisipokamua nitapasuka.»

«Nimesema usikamue.»

Joyeuse alielewa kwamba ameshindwa, na kwamba kesho kijiko kingefanya kazi yake. Asubuhi alienda shuleni na vitambaa viwili kifuani na uso ambao hata Bénita hakuufanyia mzaha.

Wakati wa mapumziko honi ikalia langoni, ndefu, isiyo na adabu. Ilikuwa moto, pikipiki ya kubeba abiria. Nyuma ya motari anayeiendesha, amekaa upande, macho ameyafumba kabisa, ameshika koti la kijana yule kama mtu anayeshika ukingo wa kisima, alikuwa Mukamugema. Hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake. Munezero alikuwa amefungwa kifuani mwake kwa vitenge viwili, ametoa jicho moja.

Direkta Munguakonkwa aliwahi langoni, tai mbele.

«Mama, mutoto hapana ingia hapa. Nilishasema.»

Mukamugema alifungua macho, akashuka, akamkagua direkta toka tai mpaka viatu.

«Ingia wapi? Fasi yenye banamwangaka maziwa mu choo? Papa, hata ungenipa kiti sitaingia.»

«Nani amemwanga maziwa mu choo?»

«Uliza nzi zako.»

Walimu wakageukia ukuta wakacheka na ukuta. Direkta akarekebisha tai, akatazama lango, akapima kwa macho mahali ambapo amri yake inaishia, akarudi ofisini.

Nje ya lango palikuwa na jiwe jeusi la kukalia, jalala la mtaa upande wa kulia, na mbuzi aliyekuwa akitafuna nepi ya mtoto asiyejulikana, polepole, kwa kuridhika. Joyeuse alipangusa jiwe kwa leso. Leso ikawa nyeusi. Akaigeuza, akapangusa tena, akaketi kwa nusu ya tako. Mukamugema akamfunika na kitenge kimoja, akamkabidhi mtoto.

«Nyonya, papa,» alimwambia Munezero. «Nyonya kabla mama yako hajaona ile mbuzi.»

«Nimeshaiona,» Joyeuse alisema.

Motari, hatua chache pembeni, alikuwa anachokonoa pua. Alipata alichokuwa anakitafuta, akakitazama, akakipangusa kwenye kiti cha pikipiki, palepale ambapo abiria hukaa. Joyeuse akafumba macho. Maziwa yakateremka.

«Kesho utakuja tena, Mama?»

«Nitakuja. Lakini ule kijana ananuka.»

«Bote bananuka.»

Moto, kutoka Katoyi mpaka shuleni, kungoja na kurudi: franka elfu tatu na mia tano kila siku, mpaka miezi sita itimie.